Pembe za Tembo na Jasho la Mkulima

Kutoka Bugwema hadi vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti si mbali, na maneno husafiri. Tunasikia hata barazani baada ya Ijumaa: sheria ilegezwe, tembo wapunguzwe, pembe ziuzwe.

Rai hiyo si ngeni. Machi 2010, katika mkutano wa CITES mjini Doha, serikali yetu iliomba tembo wake washushwe daraja la ulinzi na shehena ya pembe iliyokuwa ghalani iuzwe. Ombi likakataliwa. Wapo waliokasirika. Lakini tembo wa nchi hii, waliozidi 100,000 mwaka 2009, walibaki takriban 43,000 mwaka 2014, wengi wakiwa wameangushwa na majangili. Hayo yalitokea mlango ukiwa umefungwa, ungefunguliwa je?

Mkulima anayeamka na kukuta mahindi yamelala chini hatumpi mawaidha. Ana haki. Ila haki yake haimo katika pembe. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka ukomo wa ekari 5 katika kifuta jasho. Aliyepoteza ekari 10, jasho la zilizobaki alifute kwa kiganja chake! Hapo ndipo pa kupigania.

Sura Al-An'am, aya ya 38, inawataja wanyama kuwa ni umma kama sisi. Basi wabunge wetu wa Mara tuwadai kifuta jasho cha haki, wala wasiiguse Sheria ya Wanyamapori Na. 5 ya 2009 kwa nia ya kuilegeza.