Chatu Aliyenyimwa Mizani kwa Ajili ya Rangi



Wengi wenu mtashangaa kumsikia padre akimtetea nyoka. Hapa Murongo, nyoka akionekana migombani, jembe hutangulia na maswali hufuata. Hata hivyo ipo biashara iliyoshamiri Marekani na Ulaya ambayo siwezi kuinyamazia, kwa kuwa mali yake ya kwanza ilitoka Afrika, na fikra inayoiongoza tunaijua vizuri sana hapa kwetu.

Yupo chatu mdogo, mpole, anayeishi kuanzia Senegali hadi Uganda. Akitishwa hujikunja kama mpira. Kutoka Ghana, Togo na Benin amesafirishwa kwa maelfu mengi kwenda kufugwa majumbani. Mwaka 1992 mfugaji mmoja wa Marekani alifaulu kuzalisha chatu hao wakiwa na ualbino, na tangu hapo wafugaji wameshindana kupandisha ndugu kwa ndugu, mzazi kwa mtoto, ili kupata rangi ambayo jirani hana.

Mojawapo ya aina hizo huitwa "buibui", kwa sababu ya michirizi myembamba mithili ya utando. Nyoka huyo hutikisika kichwa, hukipindua juu chini, na mara nyingine hulikosa windo lililo mbele ya macho yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba sikio lake la ndani, mahali penye kiungo cha mizani, limeumbika vibaya. Urithi ule ule unaompa urembo ndio unaomyumbisha. Wafugaji waliliona hilo kwa miaka mingi, na wakaendelea kumzalisha na kumuuza. Utetezi wao ni kwamba anakula na anazaa. Ati hiyo ndiyo afya! Mlevi naye hula na huzaa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2417 na 2418, haimkatazi mtu kumtumia mnyama kwa chakula, mavazi na kazi. Inakataza kumtesa bila sababu, na inaona haya pia fedha kumwagwa kwa wanyama wakati binadamu wana dhiki. Wafugaji hawa wameyavunja yote mawili kwa pigo moja: mnyama anateseka, na bei yake ingesomesha watoto.

Najua mtaniuliza: Padre, je, wazee wetu hawakuchagua ng'ombe kwa pembe ndefu na kwa wekundu wa bihogo? Walichagua, tena kwa jicho kali. Lakini ng'ombe wa Ankole na Karagwe alipaswa kutembea siku nzima, kuhimili ukame, kuzaa na kunyonyesha. Pembe zenyewe humsaidia kupunguza joto mwilini. Mchungaji hakupandisha fahali anayepepesuka eti kwa sababu ngozi yake inapendeza. Urembo ulipanda juu ya uzima. Haukuuponda.

Sasa lile linaloniuma zaidi. Binadamu hafananishwi na nyoka, na asiwepo wa kunisoma hivyo. Nasemea jicho la mnunuzi, lile linalokiona kiumbe, likaona ngozi, likaona bei. Jicho hilo limeua watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa. Mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili na nusu aliibwa kwao wilayani Muleba, mkoani mwetu, akakutwa ameuawa mwezi Juni. Na miongoni mwa walioshtakiwa alikuwamo padre. Sisi wenye daraja hatuna pa kujificha katika habari hii.

Kijana atakayeletewa oda ya chatu au kinyonga wa rangi ya ajabu ajue kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kumkamata bila kibali. Na akitaka biashara hiyo ibarikiwe, asipoteze nauli ya kuja parokiani.