*TAMKO LA TAWI: MSHAURI ASIYE NA FUNGU NI PAMBO*



Kuna aliyeuliza kikaoni: "Sayansi na ubunifu vinatuhusu nini sisi wa tawi?" Mimi Katibu wenu nimesomea uhasibu, nitajibu kihasibu.

Nchi hii haijakosa wa kuishauri Serikali. Baraza la UTAFITI liliundwa mwaka 1968. Mwaka 1986 Bunge likatunga Sheria Na. 7 iliyoanzisha COSTECH, mshauri mkuu wa Serikali kuhusu sayansi na teknolojia. Mshauri tunaye. Anasikilizwa?

*1. Fedha.* Mwaka 2007 kule Addis Ababa, wakuu wa nchi za Afrika walihimizana kila nchi itenge 1% ya pato la taifa kwa utafiti. Takwimu za UNESCO za mwaka 2013 zilituonyesha karibu nusu ya hapo. Ahadi ni deni, na deni huandikwa vitabuni. Hili limeandikwa kitabu gani?

*2. Ukimya.* CAG akikagua, ripoti inawekwa mezani bungeni na kila hoja inadaiwa majibu. Wanasayansi wakishauri, nani kati yetu anajua walisema nini na waziri alijibu nini? Ushauri wa namna hiyo ni malipo yasiyo na stakabadhi. Atakayetaka kukana, atakana.

Wapo watakaosema zahanati na madarasa kwanza. Ndugu zangu, mbegu ya mihogo inayostahimili batobato haikudondoka mbinguni. Watafiti waliitolea jasho, na mkulima akavuna. Na yule kijana wa mtaa wetu aliyebuni mashine ya kumenya mihogo? Alipigiwa makofi, akapewa cheti. Cheti kiko ukutani, mashine iko chini ya turubai. Mkono mtupu haulambwi.

*Tawi linadai:*
✅ Ushauri wa kisayansi kwa Serikali uchapishwe, pamoja na majibu ya Serikali.
✅ Kila bajeti ioneshe kilichoidhinishwa kwa utafiti na kilichotolewa kweli. Kuidhinisha si kulipa.
✅ Wakulima, mafundi na vijana wabunifu wawe na viti kwenye vyombo vya ushauri, si maprofesa na maofisa peke yao.

Mbunge wetu akija kwenye mkutano wa hadhara, tumuulize haya matatu. Asipojibu, tumuulize tena.

Sambaza kama ulivyopokea.

*Katibu wa Tawi*