Kijana Mwenye Soni Katika Mji wa Sony: Rai kwa Walezi wa Vyama vya Kiswahili

Mwenyeji wa Awendo anapolisikia neno Sony, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye kiwanda cha sukari kilichoanza kusaga miwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na ambacho jina lake ni ufupisho wa South Nyanza. Mwanafunzi wa Kiswahili asikiapo tamko lilo hilo hukumbuka jambo jingine: soni, yaani haya, ile hali ya mtu kuinamisha uso mbele ya macho ya watu. Hii ni sadfa ya matamshi tu, wala hapana haja ya kuitafutia falsafa. Hata hivyo, sadfa hiyo inafaa kuanzishia mjadala, kwa sababu katika shule za upili zilizotapakaa baina ya mashamba ya miwa, kuanzia Rongo hadi Uriri, wamo vijana wengi wenye soni ambao huipita miaka yote ya masomo bila sauti zao kusikika popote isipokuwa bwenini.

Kijana huyo anafahamika kwa kila mwalimu. Daftari lake ni safi, insha zake zinasomeka, na akiulizwa swali darasani hujibu kwa sauti ambayo jirani yake pekee ndiye huisikia. Alasiri ya vyama inapofika, wenzake wakaelekea kwenye Chama cha Kiswahili, drama, kwaya, skauti au uwanjani, yeye hubaki darasani akijifanya ananakili maelezo ya somo. Mwalimu mlezi akimwuliza kwa nini hajiungi na wenzake hujibu, "Niko sawa, mwalimu." Jibu hilo hupokelewa kwa wepesi unaostaajabisha. Msimu wa tamasha ukiwadia, basi la shule huondoka alfajiri likiwa limejaa vifijo, naye hulisindikiza kwa macho kutoka dirisha la bweni.

Ni nani atakayemlaumu, ilhali mfumo wenyewe haukumdai sauti? Tangu mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985 Kiswahili kimekuwa somo la lazima, na mtihani wa KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, hukitahini kwa karatasi tatu: insha, lugha na fasihi. Zote tatu huandikwa. Hata fasihi simulizi, ambayo roho yake ni kinywa na sikio, hutahiniwa kwa kalamu. Mtahiniwa anaweza kueleza kwa ufasaha sifa za mtambaji bora, akatuzwa alama zote, na asiwe amewahi kutamba ngano hata moja mbele ya watu watano. Tamthilia teule nazo, iwe ni Kigogo ya Pauline Kea au Bembea ya Maisha ya Timothy Arege iliyoifuata, aghalabu husomwa kwa ajili ya dondoo na maswali ya wahusika, utadhani hazikuandikwa ziigizwe. Kwa hiyo kijana mwenye soni anaweza kuhitimu kwa alama ya A katika Kiswahili huku akiwa bubu wa lugha hiyo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wake saba wa kimsingi, na kujiamini pia. Lakini kutajwa katika mtaala na kutendwa alasiri ya vyama ni mambo mawili mbalimbali.

Lipo jambo jingine ambalo huwahusu vijana wa Awendo mahususi, nalo ni matamshi. Dholuo haina sauti /sh/ wala /z/. Mtoto aliyelelewa kwa Dholuo, asemapo shamba, huenda likatoka "samba", na shida ikawa "sida", na ziwa alilolizoea tangu utotoni likawa "siwa". Hili ni suala la fonolojia ambalo mwanafunzi yeyote wa isimu wa mwaka wa kwanza anaweza kulieleza kwa dakika mbili. Shuleni, hata hivyo, halielezwi, huchekwa. Wanafunzi wana neno lao la kumdhihaki mwenzao aliyeteleza hivyo, husema "ameshrabu", na kicheko kimoja cha darasa zima katika kidato cha kwanza kinatosha kumfunga mtu kinywa hadi kidato cha nne. Ongeza hapo mabaki ya ile desturi ya kumvisha kibao mtoto aliyenaswa akizungumza lugha ya mama, desturi ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliilalamikia tangu miaka ya 1980. Kijana huyo ameaibishwa kwa kusema Dholuo, kisha akachekwa kwa kusema Kiswahili. Atasema nini tena? Kunyamaza kwake kuna mantiki kuliko wengi wanavyodhani.

Ni vyema pia ikumbukwe kwamba haya si ugonjwa. Waswahili husema uso umeumbwa na haya, na katika malezi ya pwani mtoto asiyeona haya huhesabiwa kuwa amekosa adabu. Hao hao Waswahili husema mficha uchi hazai. Methali hizo mbili zinavutana, na katika mvutano huo ndimo anamoishi kijana anayezungumziwa hapa. Waluo nao huiita aibu wichkuot, neno lililoundwa kwa kichwa na kuvimba. Na yeyote aliyewahi kusimama mbele ya umati akasahau alichokusudia kusema atakiri kwamba waliolibuni walijua walichokuwa wakikieleza. Basi lengo la kumshajiisha kijana lisiwe kumvua haya. Haya yake abaki nayo. Anachohitaji kupunguziwa ni hofu ya kicheko.

Hapa ndipo walimu wengi wenye nia njema hukosea. Njia inayopendwa ni ya kumshtukiza: jina lake huitwa gwarideni, akaamriwa apande jukwaani akariri beti mbili mbele ya wanafunzi mia kadhaa, kwa imani kwamba maji ya baridi humfundisha mtu kuogelea. Wachache huibuka mashujaa, na hadithi zao husimuliwa miaka na miaka katika vyumba vya walimu. Wale walioganda wakatokwa machozi hawasimuliwi. Njia ya pili ni ya kumhubiria: "Usiogope, jiamini!" Maneno hayo huwa matamu kwa msemaji, ila kwa msikilizaji huongeza kosa juu ya kosa, kwani sasa anaogopa na pia anaona aibu kwamba anaogopa.

Jamii ya Waluo yenyewe ilikuwa na utaratibu bora zaidi. Katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim, watoto, hususan wasichana, walikusanyika usiku kusikiliza ngano, vitendawili na methali, na kujifunza kuzitoa wao wenyewe. Yatazamwe mazingira hayo kwa jicho la mwalimu. Kundi lilikuwa dogo. Giza lilizificha nyuso. Hadhira ilikuwa ya ndugu na majirani, na mtu alisikiliza usiku mwingi kabla ya kutarajiwa kutamba. Hakuna aliyevutwa hadharani. Fasihi simulizi inafundishwa katika vyuo vikuu vya Kenya, na siwindhe hutajwa katika mihadhara kama kumbukumbu ya kale. Ni nadra kusikia ikipendekezwa kama mbinu ya kuendeshea Chama cha Kiswahili.

Ikipendekezwa, itakuwaje? Kwanza, kijana apewe kazi kabla ya kupewa maneno. Kikundi cha drama kinahitaji mtu wa kushika pazia, wa kutunza maleba, wa kupiga ngoma, wa kufuata mswada na kumkumbusha mwigizaji aliyesahau. Huyu mkumbushaji hasa ni nafasi ya dhahabu: huketi mafichoni, husema kwa kunong'ona, na baada ya wiki tatu huwa amehifadhi nafasi za wahusika wote. Siku mwigizaji mmoja atakapougua, haitakuwa lazima kumbembeleza sana. Kisha lipo shairi linaloghanwa na kundi, fani ambayo shule hushindana kwayo kila mwaka katika tamasha za kitaifa za drama. Humo sauti ya mmoja hujificha ndani ya sauti za ishirini. Kijana aliyeshindwa kusema "Shikamoo, mwalimu" kwa sauti ya kusikika hutoa sauti ambayo yeye mwenyewe hakujua kuwa anayo.

Jambo hili si geni kwa Awendo. Mwaka 2006 timu ya kiwanda, SoNy Sugar, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya, na ni vigumu kuamini kwamba wote waliokuwa wakiishangilia walikuwa watu majasiri. Umati humkopesha mtu sauti. Timu hiyo iliondolewa katika ligi mwaka 2019, na vijana wa mji wakapoteza mahali pamoja pa kupiga kelele bila kutazamwa. Vyama vya shule vina sababu zaidi ya kuliziba pengo hilo.

Safari yenyewe nayo ina nguvu ambayo walimu hawaipimi. Basi likitoka Awendo kuelekea mashindano ya mbali, kijana hana dirisha la bweni la kujificha nyuma yake. Ataketi karibu na mtu, atagawana naye mkate, ataombwa ashike ngoma. Nyimbo zitaanzishwa, naye ataitikia kwa sababu katika basi kunyamaza ndiko kunakoonekana. Urafiki unaoanza saa nne usiku barabarani hudumu kuliko unaoamriwa na ratiba. Kwa hiyo mwalimu mlezi asiliwekee basi lake orodha ya nyota pekee. Viti viwili vitengwe kwa wasiokuwa na nafasi jukwaani.

Uchu wa vikombe hulipinga pendekezo hili, na si siri. Baadhi ya shule huchukua wanafunzi wale wale mwaka hadi mwaka, wenye lafudhi ya kupendeza majaji, na Chama cha Kiswahili kikageuka kuwa kilabu cha wale waliokwisha kujua. Kuna na fedha pia. Si kila anayejibu "Niko sawa, mwalimu" huwa ana soni. Wengine hawana nauli, au viatu vyao vimetoboka, au msichana yuko katika siku zake na hana taulo za kutosha kwa safari ya siku tatu. Malipo ya miwa yakichelewa nyumbani, mtoto hujifunza mapema kutotaka kitu. Mwalimu asiyeuliza faraghani ataitibu soni isiyokuwepo.

Na yupo pia yule ambaye ni mkimya kwa tabia, aliyejaribu kundi moja au mawili na kuamua kwamba kitabu kinamtosha. Huyo aachwe kwa heshima. Kinachotakiwa ni kwamba awe ameukataa mlango ulio wazi, wala si kwamba aliukuta umefungwa kwa kicheko.

Atakayesema kwamba haya yote ni madogo, na amkumbuke kila aliyefuatilia tamasha za Nakuru za Aprili mwaka 2025, wasichana wa Butere walipouimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani bila kuigiza mchezo wao, na nchi nzima ikabishana kwa majuma. Msimamo wowote ule ambao mtu anao kuhusu mchezo huo, ilidhihirika kwamba sauti ya mtoto wa shule ina uzito.

Wasomaji wengi wa jarida hili watatumwa mazoezi ya ualimu, na baadhi yao watashukia Awendo wakiwa na mabegi mapya na shauku ya kuunda kikundi cha drama. Siku ya kwanza watazungukwa na kumi wanaojua kusema. Waagane nao vizuri, kisha wapite darasa moja baada ya jingine alasiri ile ya vyama, wamtafute anayejifanya ananakili, nao wamwulize kwa sauti ya chini kama anaweza kuwasaidia kubeba ngoma hadi ukumbini.