"Waziri" wa Kaunti: Jina Linaloficha Kazi

Katika Kericho na Bomet, kama kwingineko nchini Kenya, msimamizi wa idara ya serikali ya kaunti huitwa "waziri". Katiba ya 2010 haimjui waziri huyo. Kifungu cha 179 kinamtaja mwanachama wa kamati tendaji ya kaunti, anayeteuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti.

Wapo watakaodai kwamba jina ni jina tu. Hoja hiyo ni dhaifu, hasa ikitoka kwa mwanafunzi wa fasihi. Waziri wa hekaya zetu ni mtu wa sultani: humnong'oneza bwana wake, na akimuudhi hukatwa kichwa. Aliyelelewa kwa ngano hizo atamwona gavana kuwa sultani na idara ya afya kuwa ghala la nyumba yake. Ni kweli kwamba wanachama hao huwajibika kwa gavana. Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 humruhusu mwakilishi wadi, akiungwa mkono na theluthi moja ya wenzake, kuwasilisha hoja ya kutaka mwanachama afutwe kazi. Waziri gani wa ngano aliyewahi kuhojiwa na raia?

Jina hilo huficha pia mipaka ya kazi. Mkulima wa Litein au Kapkoros asiyeridhika na bonasi ya majani chai humlaumu "waziri wa kilimo" wa kaunti, ilhali malipo hayo hutoka katika kiwanda kinachosimamiwa na KTDA. Hospitali ya Longisa, kwa upande mwingine, imo mikononi mwa kaunti. Na "waziri wa elimu" wa Bomet ana chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi ni za yule wa Nairobi. Jina moja, kazi mbalimbali!

"Mwanachama wa kamati tendaji" ni refu mno ulimini, ndiyo maana baadhi ya watangazaji hukimbilia herufi za Kiingereza, CEC, katika nchi ambayo kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. "Msimamizi wa Afya wa Kaunti" lingetosha: linataja kazi, halitaji ukuu. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kulipendekeza kwa mabunge ya Kericho na Bomet, lianze kutumika katika matangazo yanayowaalika wananchi kwenye vikao vya bajeti.