Kutu ya ngano yavuka mipaka, mbegu zabaki foleni

Kutu ya shina ya ngano aina ya Ug99 iligunduliwa Uganda mwaka 1998. Mwaka 2003 ilikuwa Ethiopia. 2006 ikaonekana Yemen, ng'ambo ya bahari. Vimelea vyake hupeperushwa na upepo, hivyo ukaguzi wa malori mpakani hauvizuii.

Ngano nyingi duniani zilitegemea jeni moja ya kinga, Sr31. Ug99 iliishinda, na aina nyingine iliyoonekana Kenya mwaka 2006 ikaishinda Sr24 pia. Ndiyo maana watafiti wa Njoro, Kenya, hutafuta mbegu zenye jeni kadhaa kwa pamoja.

Kwa msafirishaji, hili si suala la maabara tu. Kenya huagiza ngano nyingi kuliko inayovuna. Mashamba ya Narok yakiharibika, lori la huko hukosa mzigo, na pengo huzibwa na meli Mombasa, kwa dola. Anayelipa mwishoni ni mnunuzi wa unga.

Kanuni za COMESA za 2014 zinaruhusu mbegu iliyoidhinishwa katika nchi mbili wanachama kuuzwa katika nchi zote za jumuiya hiyo. Kenya, Uganda na Ethiopia zimo. Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Kutu hiyo ilithibitishwa huko mwaka 2009.