Mpeni Zakaria Kibao Chake



Injili ya Luka, sura ya kwanza, yatusimulia habari za kuhani Zakaria aliyepoteza usemi. Jamaa na majirani walitaka kumpa mtoto wake jina walilolipenda wao. Mama alipowapinga, walimgeukia baba kwa ishara. Ndipo Zakaria alipoomba kibao, akaandika neno lake, na shauri likaisha. Aliyemletea kibao hatajwi jina. Lakini bila yeye, neno la baba lisingejulikana.

Kibao hicho leo kipo, nacho ni kishikwambi. Mtu asiyeweza kusema kwa sababu ya mtindio wa ubongo, usonji au kiharusi hugusa picha au huandika herufi, na chombo hutamka kwa niaba yake. Zipo programu zifanyazo kazi bila intaneti. Tena ndugu aweza kurekodi humo maneno ya Kiswahili kwa sauti yake mwenyewe. Lakini bei yake yazishinda familia nyingi, na kwa hiyo kuazimishana ni wajibu wetu.

Je, tunaazimishaje? Tuseme kweli, tukianza na sisi wenyewe. Mara nyingi chombo kilichopatikana kwa msaada huonyeshwa wageni, hupigwa picha, kisha hufungiwa kabatini. Au mtoto hupewa kwa saa moja ya darasa, na kengele ikilia hunyang'anywa. Nani kati yetu angekubali kuuacha ulimi wake shuleni kila jioni?

Wapo wasemao: kitavunjika. Hata mpini wa jembe huvunjika, wala hatumnyimi mkulima jembe. Wengine husema mtoto akizoea chombo hatajifunza kusema. Tafiti zilizofanywa hazikuthibitisha hofu hiyo. Baadhi ya watoto waliongeza maneno ya kinywa. Na baada ya Sensa ya mwaka 2022, Serikali ya Tanzania iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu. Basi chombo chaweza kuhama mkono hadi mkono, watu wakitaka.

Jambo hili si sadaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, katika ibara ya 21 unatambua haki ya kila mtu kutoa maoni kwa njia ya mawasiliano aliyoichagua. Tena mwovu humchagua asiyeweza kusema, akijua hatashtakiwa. Kumnyima mtu njia ya kusema ni kumlinda anayemdhulumu.

Kwa hiyo tunadai haya katika kila parokia. Chombo kikae kwa mhitaji, usiku na mchana, kwa muda wote anaokihitaji. Matengenezo yalipwe na mfuko wa parokia, wala familia maskini isitozwe. Chombo kikiwa kwa fundi, mhitaji apewe karatasi yenye picha zilezile. Jumuiya Ndogo Ndogo ijifunze kumsubiri amalize neno lake. Na kati ya maneno ya kwanza kuwekwa humo yawemo haya: hapana, sitaki, naumia, fulani amenipiga.

Viongozi wa walei, fungueni makabati. Zakaria bado anaomba kibao, nasi tunaketi juu yake.