Vaa Yako Kwanza, Baba Nasra

Mwezi huu mambo ya wivu na simu za siri naomba niyaweke kando. Nina langu limenikaa rohoni tangu safari yetu ya Johannesburg, mimi na mume wangu, kusherehekea miaka sita ya ndoa. Mtoto tulimwacha kwa bibi yake Tabata.

Tulikuwa hewani kama nusu saa hivi. Ghafla masikio yakaziba, baridi ikaingia, ukungu mwembamba ukatanda, na zile maski za njano zikadondoka mbele ya nyuso zetu. Jamani, kelele za humo ndani! Halafu ndege ikainamisha pua, ikaanza kushuka kwa kasi.

Mume wangu akafanya nini? Akaacha yake inaning'inia, akahangaika kunivalisha mimi, tena taratibu, anaogopa kuniharibia nywele! Mara nikaona midomo inambadilika rangi, anachekacheka kama mlevi. Nikaivuta yake, nikambandika puani na mdomoni. Akarudi.

Sasa hiyo ndiyo ishu nyumbani. Yeye anaona alionyesha mapenzi, na mashoga zangu wanasema nimpe tuzo. Mimi nilikasirika, na bado. Kwenye futi 35,000, bila oksijeni akili inafanya kazi sekunde 30 hadi 60 tu. Ukivaa yako kwanza unaweza kumsaidia mwenzio. Ukizimia katikati ya kunivalisha, na mimi sijavaa, Nasra analelewa na nani?

Kumbe hata hatukuwa tunaanguka. Hewa ya maski inatosha dakika kama 12 hadi 15, ndiyo maana rubani hukimbilia chini hadi futi 10,000, ambako mtu anapumua mwenyewe. Na msisahau pua! Mwaka 2018 huko Marekani, injini ya ndege ya Southwest ilipasuka, dirisha likavunjika, na picha zilionyesha abiria waliofunika mdomo peke yake.

Tulirudi Dar salama. Kwenye teksi nikashindwa kunyamaza.

"Baba Nasra, ulikuwa unafanya nini pale?"

"Mama Nasra, nilikuona wewe tu."

Nikakosa jibu. Siku hizi tukipanda ndege, mhudumu akianza maelezo yake namfinya paja. Anaweka simu chini, anasikiliza.